Siku Moja, Kurudi Jioni

Wageni huniuliza mambo matatu:
Ngome iko wapi, Pembe ziko wapi,
na choo.
Miaka kumi na tisa nanyoosha kidole
kama kibao cha njia panda.
Lakini nina daftari, jalada la buluu, limepauka,
nimeandika humo safari za siku moja,
za kutoka na chai ya asubuhi na kurudi na magharibi,
ambazo hakuna aliyewahi kuzinunua.

Mbaraki, ukurasa wa kwanza.
Hii si safari, ni kunyoosha miguu tu.
Mnara mmoja wa mawe, mnene, hauna dirisha,
nyuma ya maghala, malori yanapita na saruji.
Ndani watu huacha chupa za marashi, majivu ya ubani.
Sijamuuliza mtu anaomba nini.
Mwenye haja haulizwi.

Gazi, kwa kina mama wa mikoko.
Njia ya mbao inapita juu ya tope,
ubao mmoja umelegea; nimeandika pembeni: *ruka*.
Mwanamishi alinionyesha mkoko wake akasema,
huu niliupanda mwaka alioachwa binti yangu,
sasa umenipita kimo, na yeye kaolewa tena.
Chini yetu kaa wenye gando moja kubwa
walikuwa wakipunga, wakipunga,
kama mtu anayekana deni.

Jumba la Mtwana: nyumba bila mapaa.
Vyoo vyao vilikuwa ndani, kuta zinasema.
Sisi uani kwetu Kibokoni
tumepanga foleni na ndoo mpaka juzi.

Mwezi wa saba biashara ililala.
Nikakaa barazani na daftari langu, nahesabu kurasa
kama mtu anayehesabu pesa za mwingine.
Mama, Bi Mwanatumu,
aliyefua mashuka ya hoteli za Nyali miaka ishirini na sita,
akasema bila kuinua uso kwenye mchele:
Hilo linasomewa wageni peke yao?

Mgeni njoo, mwenyeji apone.
Mgeni hakuja. Tukaondoka hivyo hivyo.

Tukashuka Mazeras na chupa ya chai na viazi karai.
Bustanini akashika mianzi mmoja mmoja,
akaipiga kwa kucha, akaisikiliza.
Halafu Rabai, juu, kwa pikipiki ya kijana aitwaye Nyanje,
Mama kakaa upande, kauma pindo la buibui,
kila kona anataja jina la Mtume,
na Nyanje, Mkristo wa watu, anaitikia Amina.

Kileleni minazi ikaachana kidogo.
Kule chini, mbali, kitu kimelala majini
kama sahani iliyosahauliwa kwenye beseni.
Winchi za Kilindini, vijiti vya kiberiti.
Ndiyo hiyo? akauliza.
Ndiyo hiyo.
Mombasa yote?
Yote, Mama.
Akanyamaza mpaka Nyanje akazima injini.
Na uchovu wangu wote ule
ulienea mle?

Sikuwa na jibu; kazi yangu ni kuonyesha.
Nikamwonyesha Nyali. Akakaza macho.
Palikuwa na weupe fulani, kuta labda, au mwanga tu.
Tazama, akasema, mpaka saa hizi hawajaanua.
Akacheka peke yake, akamenya kiazi.

Usiku, taa ya jikoni, akalivuta daftari.
Kusoma hajui. Akalamba kidole, akafunua,
akaweka kidole katikati ya mwandiko wangu.
Hapa wapi?
Shimba, nikasema. Kwale, ndani ya msitu.
Ni mwendo wa mguu kuteremka, na kupanda ni shida.
Kuna maporomoko ya maji.
Yanaanguka tu?
Yanaanguka tu.
Mchana kutwa, na hakuna anayefua?
Hakuna.
Akalifunga daftari, akaliweka juu ya kabati,
pale anapoweka vitu vyake.
Jumapili, akasema. Na wewe usichukue sabuni.